Kuhusu mashimo ya gitaa la besi la kwaya

Moshi, Julai

Ndugu yangu Mwalimu,

Salaam sana kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwezi huu imetufanya tufungue karakana saa tatu badala ya saa mbili, na gundi nayo imekuwa na uvivu kama wetu.

Nimezitazama picha za besi ulizonitumia, za mbele na za nyuma. Shimo lililo karibu na shingo, ambalo mwenye gitaa wa kwanza alilichimba ili aongeze pikapu, yaani kinasa sauti cha nyuzi, na lile la nyuma lililokuwa la betri ya volti 9, yote mawili yanazibika. Ninachokuomba ni kwamba usimruhusu fundi wako wa hapo Arusha ayajaze pati ya kuzibia mabonde ya magari na kukurudishia gitaa baada ya siku mbili kama alivyokuahidi. Simsemi vibaya. Pati inafaa sana kwenye bati, kwa kuwa bati halinywi unyevu. Mbao huunywa wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi, na kwa kufanya hivyo hupanuka na kusinyaa kwa upana wake, ilhali kwa urefu haisogei kiasi cha kuonekana. Pati iliyokaa katikati ya mbao haiufuati mwendo huo, na baada ya miezi kadhaa utaona mipaka ya shimo ikijichora juu ya rangi mpya, kona zote nne, kana kwamba mtu ameipitisha kalamu ya risasi.

Kwa sababu hiyo shimo huzibwa kwa kipande cha mbao, na mkondo wa kipande hicho, yaani mwelekeo wa nyuzinyuzi za mbao, ni lazima uelekee upande ule ule unaoelekea mkondo wa bodi, kiwiliwili cha gitaa. Kabla ya yote, chunguza kuta za shimo kwa tochi. Ukiona matabaka kama ya playiwudi, habari ya mkondo haina uzito mkubwa, na hata pati ya fundi wako tutaweza kuijadili. Ukiona mbao halisi, mara nyingi itakuwa vipande kadhaa vilivyogundishwa ubavu kwa ubavu, jambo ambalo si kasoro. Najua ungependa nikukatie mninga, lakini mninga ni mzito na mgumu kuliko mbao nyepesi zinazotumiwa kwenye besi za namna hiyo, kwa hiyo msasa ungeila bodi pembeni na kukiacha kiraka kimeinuka. Ninacho kipande cha mgrevilea, miti ile ile inayotia kivuli mibuni ya wazee wetu huku mlimani, nacho kimekaa darini muda mrefu hata hakina tena unyevu wa kutuhangaisha.

Kazi ya kukilinganisha kipande na shimo ndiyo inayokula muda, nami huifurahia kuliko kupaka rangi. Ndani ya shimo huenda kuna rangi nyeusi ya kaboni au karatasi ya shaba iliyowekwa kuzuia mvumo wa umeme. Hiyo yote ikwanguliwe mpaka mbao tupu ionekane, kwa kuwa gundi itakayoshika rangi haitakuwa imeishika bodi. Kona za shimo ni za mviringo kwa sababu zilichimbwa kwa mashine, hivyo kona za kipande huviringwa kwa tupa kidogo kidogo, huku ukijaribu na kurudia, mpaka kiingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Kinachohitaji nyundo kimebana mno, na kitaikamua gundi yote itoke. Mimi huchora mfereji mwembamba chini ya kipande ili hewa na gundi iliyozidi vipate pa kutokea, kisha hukiacha kichomoze milimita mbili hivi juu ya uso wa bodi.

Hapo ndipo nilipokosea kwenye besi yangu mwenyewe, ile nyekundu unayoikumbuka. Niligundisha asubuhi kwa gundi nyeupe ya mbao, na jioni, kwa kuwa nilikuwa na mazoezi Jumamosi, nikapiga randa hadi kiraka kikawa sawasawa na bodi. Sikufikiri kwamba gundi hiyo ina maji, na kwamba maji yale yalikuwa yameivimbisha mbao kando ya kiungo. Mbao ilipokauka ilisinyaa, na chini ya rangi pakatokea kijifereji kulizunguka shimo lote. Siku hizi huiacha kazi wiki mbili nzima kabla ya kugusa randa, na kwa baridi hii nitaiacha tatu.

Kosa la pili ni la kuchekesha zaidi. Kwenye shimo nililoliziba ulipita waya wa ethi unaokwenda kwenye daraja la nyuzi, nami nikauzika. Besi ikawa inavuma kama nyuki, na nilihangaika na vifundo vya sauti kwa siku nzima kabla ya kukumbuka nilichokifanya. Kwa hiyo tafadhali fungua daraja, uone waya wake unapita wapi.

Uliniuliza kama sauti itabadilika. Kwa maoni yangu, mabadiliko hayo, kama yapo, ni madogo mno kuyasikia katikati ya kwaya. Nyuzi mpya na pikapu iliyowekwa kwa kimo kinachofaa vitakupa tofauti kubwa zaidi. Kama ungekuwa na Precision, besi ya Fender, ya miaka ya 1950 ningekusihi usiiguse kabisa, lakini hii ni nakala, haina thamani ya kumbukumbu.

Kuhusu rangi, vanishi tupu itakionyesha kiraka daima, hata kiwe kimekaa vizuri namna gani. Chagua rangi nzito, iwe ya sare zenu ukipenda. Rangi ya magari yenye kikaushio hukauka ngumu na kuficha viungo, ila mvuke wake unadhuru mapafu na kitambaa mdomoni hakisaidii. Fundi avae kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira, maana cha kichujio peke yake hakitoshi. Ile ya selulosi ni rahisi zaidi kuirekebisha, lakini ikipulizwa siku ya unyevunyevu huingia ukungu mweupe, ndiyo sababu sikuigusa tangu Machi hadi Mei. Mwishoni tutasugua kwa msasa wa maji, namba 1000 kisha 2000, tukiwa tumeyaziba matundu ya skrubu kwa nta, maana maji yakipenya humo mbao huvimba na rangi hupasuka.

Nipimie urefu, upana na kina cha mashimo yote mawili kwa milimita, na uniandikie mkondo wa mbao unaelekea wapi. Nikivipata vipimo kabla ya Ijumaa, nitakata vipande mwisho wa wiki, nawe utaniletea besi siku utakapokuja msibani Marangu. Waambie wanakwaya wavumilie na besi ya kuazima hadi Septemba.

Ni mimi nduguyo,
Fundi wa Moshi