Nguruwe wa moshi na kunyoosha magari: tunaanza IJUMAA

Habari zenu wapendwa, natumai wote wazima. Mpango umebadilika kidogo, tunaanza Ijumaa saa 11 jioni palepale nyuma ya nyumba, siyo Jumamosi asubuhi, maana nyama inataka kulala na chumvi usiku kucha ndo ikolee, tukichelewa ladha itabaki juu juu tu.

1. Nguruwe ni wa kilo 40. Chumvi gramu 15 kwa kila kilo, yaani gramu 600, pamoja na kitunguu saumu, pilipili manga, paprika na sukari kidogo. Tunapaka ndani, na kwenye mabega na mapaja tunatoboa kwa kisu tushindilie viungo humo. Ngozi ifutwe ikauke kabisa, msiimwagie maji tafadhali! Barafu iwe nyingi sana, nyama isikae kwenye joto usiku.

2. Moto saa 10 alfajiri, nyuzi 110 hadi 120, na hatupakui mpaka bega lifike nyuzi 90 kwa ndani. Nani ana kipimajoto?

3. Tukisubiri moshi, tunanyoosha magari yaliyobonyea kidogo. Bampa ya plastiki inamwagiwa maji ya moto halafu unaisukuma kwa ndani, bati unalivuta polepole na pampu ya kunyonya mradi rangi haijapasuka. Penye mkunjo mkali hapo ni kazi ya fundi jamani.

Naomba kila mtu athibitishe hapa kabla ya Alhamisi saa 2 usiku: unakuja Ijumaa au Jumamosi, unaleta barafu au kuni, na gari lako lipo au halipo.