Kabla ya kumwaga tindikali, kata bomba ulitazame ndani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye viwanda vya zamani, vile ambavyo mabomba yake ya chuma yana umri mkubwa kuliko mafundi wanaoyahudumia.

Mimi ni fundi bomba mstaafu hapa Tanga. Aliyefika mapango ya Amboni anajua tumekaa juu ya mawe ya chokaa. Maji mengi ya visima vyetu ni magumu. Birika la nyumbani halichukui muda kushika ukoko mweupe. Sasa fikiria bomba la maji moto la kiwandani.

Mwaka jana kijana niliyemfundisha kazi alinipigia: "Shikamoo mzee. Maji hayafiki kwenye mashine. Geji ya shinikizo upande wa pampu imepanda, ya kule mbele imelala." Nikajua bomba limeziba. Nikamwambia msitie kitu, nakuja. Nilipofika, tindikali ya kuyeyusha ukoko ilikuwa ndani tangu asubuhi, amri ya ofisi. Hadi mchana bomba lilikuwa linavuja sehemu saba. Ofisi ikasema tindikali imekula bomba. Hilo ni kweli nusu tu. Chuma kilikwisha kuliwa zamani, na kilichokuwa kikiziba yale matundu ni kutu yenyewe. Walipoiondoa, wakaondoa ukuta.

Nilichukua msumeno nikakata kipande cha shibiri moja. Bomba la inchi 4, lakini dole gumba langu ndilo lililoenea kwenye tundu. Pembeni kutu imesimama vichuguu vichuguu, rangi ya tofali kwa nje, ukikivunja kimoja ndani ni cheusi tititi. Juu yake chokaa imelala tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Na wenye ofisi wajue hesabu hii: tundu likipungua nusu ya upana wake, njia ya maji haibaki nusu, inabaki robo. Kununua pampu kubwa zaidi hakuondoi ukoko.

Kipande kama hicho kingekatwa kwanza, kazi ingekuwa nyingine. Unadondoshea tindikali kidogo juu ya ule uchafu. Ukitoa povu mara moja, ni chokaa, na tindikali iliyochanganywa na dawa ya kulinda chuma itaufaa. Usipotoa povu, hiyo si chokaa, mara nyingi ni kutu: tumia brashi ya waya au maji ya shinikizo kubwa, maana tindikali itahangaika na kutu huku inatafuna chuma kizima. Lakini kabla ya kusafisha, pima unene wa ukuta wa bomba uliobaki. Ukiwa mwembamba kama bati, usisafishe kitu, badilisha bomba.

Mawili mengine vijana wasichezee. Tindikali ikigusa chuma hutoa gesi inayowaka, kwa hiyo sigara na mashine ya kuchomelea vikae mbali. Na hewa ya kompresa isitumike kusukuma kizibo. Maji hayabanwi, hewa hubanwa, na kizibo kikiachia hutoka kama risasi. Rafiki yangu alipoteza meno ya mbele kwa kiherehere hicho, naye alikuwa fundi kunizidi.

Kipande kile ninacho nyumbani, kinazuia mlango usibamizwe na upepo wa bahari. Meneja anayetaka kukiona kabla hajatoa amri nyingine aje, nitamwekea na chai.

Fundi bomba mstaafu,
Ngamiani, Tanga