Kidonge kisichukue nafasi ya mhudumu

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu makao ya wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mmegusia majengo; mimi kinachoniuma ni dawa. Mzee anayehangaika usiku akivuta kitasa cha mlango huenda anatafuta choo, au anaumwa jino asiloweza kulitaja. Akilishwa dawa ya kumtuliza atanyamaza, naam, ila jino bado linauma. Tena dawa zinazotibu wendawazimu, ambazo wazee hawa hupewa ili watulie, huongeza hatari ya kifo kwao. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya hivyo mwaka 2005.

Wakaguzi wafike usiku, bila taarifa, wahesabu wahudumu walio zamu. Na kila dawa ya aina hiyo daktari aipitie upya mara kwa mara, familia ikiwepo.

Msomaji wenu