Boti za abiria zibebe na ramani ya karatasi

Mhariri, naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua.

Juzi mpwa wangu alipita hapa Majengo kuniaga. Amepata kazi Pangani, kuendesha boti inayopeleka wageni kwenye fungu la mchanga la Maziwe kuogelea na kutazama matumbawe. Nilifurahi sana, maana katika ukoo wetu wa watu wa mlimani baharia nilikuwa mimi peke yangu. Nikamuuliza chomboni wana ramani gani. Akatoa simu mfukoni. "Yote imo humu, Mjomba."

Tukaketi barazani tukaitazama pamoja. Ni kitu kizuri, sikatai. Zamani zetu ungetupa chombo kinachokuonyesha ulipo kila sekunde tungekibusu. Lakini nilimwambia aipunguze picha hadi aione njia yote, kutoka mdomo wa Mto Pangani mpaka Pemba. Akabana vidole. Mafungu mawili, yaani vilima vya chini ya maji, yaliyokuwa yameandikwa kina chake yakatoweka, pakabaki buluu tupu. Akaikuza tena, yakarudi. Nikamuuliza, usiku mvua inakupiga usoni na abiria wanatapika, simu utakuwa umeiacha kwenye ukubwa upi? Hakunijibu.

Tarehe 29 Novemba 2014 mashua ya mashindano ya kuzunguka dunia, Vestas Wind, ilikuwa njiani kutoka Cape Town kwenda Abu Dhabi. Usiku, tanga limejaa, ikapanda miamba ya Cargados Carajos, kaskazini mwa Mauritius, bahari hii hii yetu. Wote waliokuwamo walipona, Mungu alisaidia. Walikuwa mabaharia hodari wenye vifaa vya kisasa, na miamba ile ilikuwamo katika ramani yao ya kompyuta. Hawakuwa wameikuza vya kutosha kuiona.

Watu wengi hudhani kioo cha simu kinajua kuliko karatasi, kumbe vyote viwili huchota kisima kimoja. Vipimo vingi vya pwani yetu ni vya tangu karne ya 19, mtu amesimama ubavuni mwa meli anatupa bildi, kamba yenye kizito cha kupimia kina, na kutaja pima kwa sauti. Nahodha Owen wa Uingereza alipita huku miaka ya 1820 na meli yake Leven, na fungu lililoko kaskazini ya Nungwi linaitwa kwa jina la meli hiyo hadi leo. Kati ya bildi moja na nyingine kuna nini chini, aliyetupa hakuona. Ndiyo maana ramani rasmi za kielektroniki hupanga maeneo kwa madaraja ya kuaminika, na penye daraja C kilichochorwa kinaweza kuwa kimekosewa mahali pake kwa mita 500. Setilaiti inakujua wewe ulipo kwa mita chache tu, lakini mwamba unaoukimbia huenda uko nusu kilomita kutoka pale ulipochorwa! Ramani nzuri ya karatasi ina mchoro mdogo unaotaja kila eneo lilipimwa mwaka gani. Ukiikunjua mezani unauona.

Na bahari yenyewe hubadilika, ramani ikabaki nyuma. Nilipoanza kazi, Maziwe ilikuwa na mivinje, na tuliitumia kama alama tukitoka Tanga kwenda kusini. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 bahari ilikuwa imekila kisiwa chote. Leo ni mchanga unaofunikwa maji ya bamvua yakijaa.

Tulipofungiwa GPS ya kwanza kwenye chombo chetu, tulitia nanga Mkoani nikahamishia namba zake kwenye ramani. Zikatuweka nchi kavu, katikati ya mikarafuu. Kifaa hakikuwa kibovu, ila ramani ilikuwa imejengwa juu ya msingi mwingine wa vipimo. Hata huku Moshi ni hivyo hivyo. Ramani za zamani za serikali zinazoonyesha Kilimanjaro zilifuata msingi uitwao Arc 1960, na ukiziwekea namba za setilaiti bila kurekebisha unapotoka kama mita 300. Waongoza watalii wa mlimani wananielewa.

Ninachokitaka zaidi mimi ni penseli. Usiku mmoja wa kusi tulikuwa tunavuka kutoka Tanga kwenda Wete, mimi nikiwa msaidizi wa nahodha. Maji ya chumvi yaliingia kwenye nyaya, kioo kikazimika pamoja na taa za ndani. Nikawasha kurunzi. Kwenye karatasi palikuwa na msalaba mdogo wa penseli niliouweka dakika 20 nyuma, saa imeandikwa pembeni. Mwelekeo wetu naujua, mwendo naujua, na mkondo wa Pemba wakati wa kusi unasukuma kaskazini kwa nguvu. Nikachukua bikari na rula, nikapiga mstari, nikamwambia msukani akate zaidi kusini. Kulipopambazuka mnara wa Kigomasha ukatokea mbali, kushoto, pale nilipoutarajia. Karatasi ile ninayo mpaka leo, na misalaba yake ipo.

Meli kubwa zilizoruhusiwa kuacha karatasi hutakiwa ziwe na mfumo wa pili wa akiba wenye umeme wake. Boti ya Maziwe ina simu moja, na betri moja. Hapo naiomba TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini: mkaguzi anapohesabu maboya ya kujiokolea, aulize na ramani ya karatasi ya eneo hilo, dira, bikari na penseli, kisha amwambie nahodha aonyeshe kwa kidole alipo.

Na tuwahi. Ofisi ya ramani za bahari ya Uingereza, ambayo ramani zake ndizo tulizozitumia miaka yote, ilitangaza mwaka 2022 kwamba itaacha kuchapa karatasi, kwanza ikataja 2026, baadaye ikasogeza hadi angalau 2030. Wamarekani nao wameziacha zao za asili, lakini wameweka njia ya mtu kujichapia kutoka kwenye data ya kielektroniki. Na sisi tuandae za kwetu, Tanga hadi Mtwara, ziuzwe Pangani, Kilwa na Mafia kwa bei ambayo mwenye boti ya injini moja anaimudu.

Mpwa wangu nimempa ramani yangu ya Mkondo wa Pemba. Alitaka kuikunja mara nne aitie kwenye begi. Nikamtafutia bomba la plastiki.

Baharia mstaafu,
Majengo, Moshi