Kopo la senene darasani

Ndugu Mhariri,

Nafundisha darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali huku Mbagala, Dar es Salaam. Novemba iliyopita mvulana mmoja alikuja na kopo la senene, wadudu wa jamii ya panzi wanaoliwa, aliotumiwa na bibi yake kwa basi kutoka Bukoba. Wamekaangwa wakakauka, chumvi imekolea. Alipolifungua wakati wa mapumziko wenzake walitawanyika wakipiga kelele, na kengele ilipogongwa alikuwa ameshapewa jina: Mla Panzi. Siku tatu zilizofuata hakula kitu shuleni. Hakutaka kuonekana anatafuna.

Liliniuma kwa sababu nalijua. Mimi ni Mgogo wa Mpwapwa. Nilipoingia bweni, nilipoulizwa kwetu tunakula nini, nilijibu wali. Nyumbani tulikuwa tukila ugali wa uwele kwa mlenda, na mama yangu aliusonga kila siku kwa mikono yake. Nikaukana.

Wapo walimu wenzangu wanaosema huo ni utani wa makabila, tumekua nao. Utani naujua. Mnyamwezi akinicheka kwa mlenda nami namrudishia kwa matobolwa yake, vile viazi vitamu vikavu, na nikifiwa atakuwa wa kwanza kufika. Watoto themanini kumcheka mmoja asiye na wa kumjibia, huo si utani.

Basi nikatenga kipindi kimoja cha Historia ya Tanzania na Maadili kila Jumatano. Mtoto anakwenda kumuuliza mkubwa wa nyumbani: chakula hiki mnakipataje, mnakiandaaje, na kwa nini mnakifanya hivyo? Hilo la tatu ndilo lililofungua mambo. Binti wa Mtwara alieleza ming'oko, mizizi inayochimbwa porini. Mwingine, Msukuma, alitufundisha kwamba michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, ila matobolwa huchemshwa kwanza. Alipotaja nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, nikawaambia sisi tunayaita safwe. Kiangazi ni kile kile, na akina bibi wa Shinyanga na wa Dodoma walikipatia jibu moja.

Nikawauliza chakula chetu cha asili ni kipi. Wote: ugali wa sembe! Nikawaeleza kwamba mahindi na muhogo asili yake ni Amerika, vilifika huku baada ya Wareno kuanza safari zao, wakati uwele na mtama ni nafaka za Afrika hii hii. Ule ugali mweusi niliouonea haya ndio mkongwe. Darasa lilinyamaza.

Mwenye senene alisimama wiki ya tatu. Akasimulia wanavyonaswa usiku kwa taa, wanavyonyonyolewa mabawa na miguu, na kwamba zamani wanawake wa Kihaya waliwakamata na kuwapika lakini walikatazwa kuwala. Wasichana waliwaka! Mjadala ulikula kipindi cha hisabati, na sijutii.

Ndugu Mhariri, shule nyingi zina "siku ya utamaduni". Watoto huvikwa vitenge, hushikishwa vibuyu, kisha huletwa pilau la mpishi wa kukodi na picha zinapigwa. Hapo hakuna mtoto aliyejifunza kwa nini jirani yake anakula anachokula. Naziomba fedha hizo zinunue kilo chache za nafaka na nauli ya bibi mmoja wa mtaani aje aonyeshe. Tahadhari zipo: hatumlazimishi mtoto kuonja, nyama ya nguruwe hatuileti, na mzazi huulizwa kwanza kama mwanawe anadhurika na chakula chochote, maana senene huweza kumletea mtu aleji.

Mvulana yule sasa anakula na wenzake. Nami Jumatano ijayo ni zamu yangu. Uwele nimeshaununua soko la Majengo nilipokwenda Dodoma, na mwiko nimeazima kwa jirani.

Mwalimu wa darasa la nne,
Mbagala, Dar es Salaam