Kuhusu yule farasi wako wa mita 1600

Kaka,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Habari za mjomba tutaongea siku nyingine, maana ujumbe wako ndio ulionikalisha chini. Tafadhali, dau hilo unalotaka kumwekea farasi wako usiliweke kwanza.

Unasema alitoka nyuma akashika nafasi ya pili kwenye mita 1200, kwa hiyo akipandishwa mita 1600 atawamaliza wote. Hapo ndipo watu wanapoliwa. Farasi anayewapita wenzake mwishoni si lazima awe anaongeza mwendo. Mara nyingi ni wa mbele waliochoka. Tafuta muda wa vipande, yaani sekunde za kila sehemu ya mbio, usitazame muda wa jumla peke yake. Kama vinara walizikimbia mita 400 za kwanza kwa sekunde 22, kisha 400 za mwisho wakazikokota kwa 25, basi wa nyuma aliyetumia 24.5 ataonekana anaruka, kumbe naye anapungua. Huyo ukimwongezea mita 400 nyingine unamwongezea mateso.

Halafu mwendo wa mwanzo kwenye mita 1600 kwa kawaida ni mpole zaidi. Farasi aliyezoea mbio fupi hapo hukataa kutulia: anavuta hatamu, anarusha kichwa, joki, yaani mpanda farasi, anamzuia, na nguvu za mwisho zinaishia kwenye ugomvi huo. Mimi ninayempenda akipandishwa ni yule anayeongoza mbio fupi bila kusukumwa. Kwenye mbio ndefu atapata uongozi kwa bei nafuu, mradi asiwepo mwingine wa kugombea naye. Wakiwa watatu wanaotaka mbele, mwache.

Najua utanitajia Frankel, yule farasi bingwa wa Uingereza. Kweli, hakuwahi kuvuka maili moja hadi Agosti 2012, akaenda York kwenye mita 2000 na ushei akashinda kwa urefu wa farasi saba. Lakini alikuwa amekwisha kufundishwa kutulia, na siku ile alianzia nyuma kwa utulivu. Mtazame farasi Sham kule Marekani mwaka 1973: wa pili nyuma ya farasi mwenzake Secretariat kwenye mbio za Derby ya Kentucky na za Preakness, kisha kwenye mbio za Belmont, mita 2400, akajaribu kwenda naye sako kwa bako tangu mwanzo. Alimaliza wa mwisho kati ya watano.

Na geti, yaani nafasi anayoanzia! La nje linaweza kumlazimisha kukimbia nje kwenye kona. Kama mbio ina kona mbili kamili, kila moja nusu duara, na farasi wako anakimbia mita mbili nje ya mwenzake wa ndani, kila kona inamgharimu mita sita na kidogo. Zote mbili ni zaidi ya mita 12, yaani urefu wa farasi watano hivi. Hakuna joki wa kuzirudisha hizo bure.

Ukitaka pesa ya kubadilisha umbali, tafuta anayeshushwa: aliyeongoza mita 1600 akazima kwenye 200 za mwisho, akaandikwa wa saba, sasa yuko kwenye 1400. Watu wanaiona saba, odi (malipo kwa kila shilingi ya dau) inapanda. Ila hakikisha anaweza kwenda na wenzake mwanzoni. Kama 400 zake za kwanza ni sekunde 24 na hawa wapya wanakwenda 22.5, ataachwa kama urefu wa farasi tisa au kumi kabla hajajua kilichotokea.

Turudi kwa wako. Odi 3.40 maana yake ashinde karibu mara tatu katika kila kumi ndipo pesa yako irudi tu, bila faida. Kwa farasi ambaye hajawahi kujaribu umbali huo, mimi singekubali chini ya 5.00.

Sasa nijibu haya: Anaanzia geti la ngapi? Wangapi wengine wanapenda kuongoza? Baba yake na baba wa mama yake walishinda umbali gani? Joki ni yuleyule? Amevuliwa vikinga macho au bado anavyo? Na hiyo pesa ni yako, au ni ile aliyokuachia mjomba?

Wako