Hatua thelathini kutoka mlangoni

Mhariri,

Shemeji yangu ana kisukari. Jumamosi moja mwezi uliopita alimpelekea mkewe uji katika wadi ya wazazi, hospitali moja hapa Nakuru. Tulipokuwa tukirudi garini miguu ikamlegea, akaanguka kwenye maegesho. Kutoka pale alipolala hadi mlango wa idara ya dharura ni hatua thelathini. Nilirudi baadaye nikazihesabu.

Nilikimbilia ndani kuomba machela. Muuguzi akaniambia hawaruhusiwi kutoka nje ya jengo, tupige simu tuitiwe ambulensi. Ambulensi! Ya hospitali yenyewe ilikuwa imeegeshwa ubavuni mwetu, dereva hayupo. Mapokezi nao wakataka kitambulisho ili wafungue faili, na kitambulisho kilikuwa mfukoni mwa mtu anayetetemeka chini, shati limelowa jasho chapachapa. Aliyetufaa ni mama auzaye soda langoni. Alimtazama mara moja tu, akasema, "Huyu sukari imemshuka," akamnywesha soda funda kwa funda, maana bado alikuwa anaweza kumeza. Machela ilitokea baada ya dakika 25, ikisukumwa na bawabu.

Muuguzi simlaumu. Alikuwa akichungulia nje kila mara, na alininong'oneza kwamba mwenzake aliwahi kuandikiwa barua ya onyo kwa kutoka. Ninacholaumu ni hiyo kanuni na walioitunga.

Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 nayo imeweka faini ya hadi Sh3 milioni kwa kituo kinachokosa kuyatoa ilhali kina uwezo. Hakuna palipoandikwa kwamba haki hiyo huanzia kwenye kizingiti, wala kwenye faili. Huko Chicago, mwaka 1998, kijana wa miaka 15 aliyepigwa risasi alivuja damu karibu kabisa na hospitali, wahudumu wakikataa kutoka kwa sababu ya kanuni kama hii. Alifariki. Kanuni ikabadilishwa baada ya umma kuja juu.

Wasimamizi wa hospitali zetu watuambie: mtu akianguka ndani ya ua wao, ni nani anayetoka na machela? Waliandike jibu langoni, kando ya bango la ada za maegesho. Hizo hazisahauliki, tulipoondoka jioni tulidaiwa Sh200, kwa kuwa muda wetu ulikuwa umepita.

Msomaji,
Nakuru